Upande wa baba nao uulizwe

Ndugu Mhariri,

Huku Lindi na Mtwara wengi wetu, Wamwera, Wamakonde na Wayao, tumekua tukihesabu ukoo kwa mama. Mjomba tunamjua mpaka kaburi lake, lakini ndugu wa baba tunakutana nao msibani. Desturi hiyo siilaumu, ni yetu. Ila kwenye maradhi ya moyo inatuficha nusu ya habari.

Baba yangu alianguka shambani akipulizia salfa kwenye mikorosho, ana miaka 48. Ikasemwa kachezewa kwa ajili ya mavuno. Baba mdogo, Newala huko, naye alifariki ghafla kabla ya kufika 55. Hakuna aliyeviweka vifo hivyo pamoja, maana sisi watoto ni wa kwa mama.

Madaktari wanahesabu hivi: baba au kaka akipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65, wewe uko kwenye hatari zaidi. Damu haichagui upande.

Tena mshipa ukianza kukakamaa hauumi. Mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo unatakiwa utanuke kila moyo unapopiga, kisha ujirudi, kama mpira mpya wa manati. Ukikakamaa kwa umri, presha, kisukari au sigara, moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, namba ya juu ya presha inapanda, na kishindo kinafika hadi kwenye figo na ubongo. Wataalamu wameona ukakamavu huo hata kwa vijana ambao presha yao bado nzuri, ila wazazi wao wana presha ya kupanda.

Ndiyo maana nilimng'ang'ania mdogo wangu wa bodaboda, miaka 34, anayejiona mzima kwa kuwa anabeba gunia la korosho peke yake. Alipopima presha ilikuwa juu: 152 kwa 94. Akarudia siku nyingine, hali ile ile. Sasa anameza dawa, sigara ameacha, na ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, nyumbani tunamloweka na kumwaga maji kabla ya kumpika ili chumvi ipungue.

Ninaomba wahudumu wa afya wanaopima presha waulize pia baba wa mtu alifariki kwa nini, akiwa na umri gani, na ndugu zake je, kisha waandike. Na wasitusubiri zahanati, maana wanaume wa rika la mdogo wangu hawaingii huko. Msimu wa korosho wote wanapita kwenye maghala ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Meza ya vipimo iwekwe pale, jirani na mizani.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Nyangao, Lindi