Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Chama cha Mafundi Umeme, Tabora Mjini

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazifahamu. Semina ya leseni za EWURA ilifanyika, wafiwa tuliwafariji, pango la ofisi limelipwa, kamati imekaa kwa ratiba. Sitakaa hapo.

Suala la hosteli, yaani ile kazi ya chama ya kubadili tyubu za zamani kuwa za LED, nitalieleza kwa kirefu, kwa kuwa maneno yamekuwa mengi vijiweni na machache vikaoni. Kamati, chini ya uenyekiti wangu, ilizuia theluthi ya mwisho ya malipo ya mafundi waliobadili taa na kuziacha ndani choki, vile vifaa vya chuma vinavyodhibiti umeme wa tyubu za zamani. Nimeitwa mkali. Naomba msikie sababu.

Taa zilikuwa 240, tyubu za futi nne za wati 36. Ukijumlisha choki ya chuma, kila moja ilikula wati 45 hivi, zote wati 10,800. Tyubu za LED tulizofunga ni za wati 18, zote wati 4,320. Zikiwaka saa nane kwa siku, mteja anaokoa unit 52 hivi za LUKU kila siku. Hesabu hiyo niliiandaa mimi, na ndiyo iliyotupatia kazi.

Tyubu zile ni za aina ambayo laivu (waya unaoleta umeme) inaingia ncha moja na nyutro (waya wa kuurudisha) ncha ya pili. Maelekezo ya kamati yalikuwa haya: zima breka, pima uhakikishe hakuna umeme, toa choki, kapasita na kishikio cha stata (kile kifaa kidogo cha kuwashia tyubu za zamani), peleka laivu kwenye holda ya upande mmoja na nyutro upande wa pili, funga viungo kwa konekta, kisha bandika lebo ya "LED tu, zima breka kwanza". Lebo hiyo si urembo. Ukichomeka ncha moja wakati umeme upo, pini za ncha ya pili zinaweza kukupiga.

Taa 31 zilitolewa stata tu, choki zikabaki. Ziliwaka, na ndiyo maana wenzetu wanasema kamati inaonea. Lakini tundu la stata limebaki wazi, na siku taa ikizimika mlezi wa hosteli atafanya alichozoea miaka yote: atachomeka stata. Stata ya kawaida itaifanya taa ipepese. Ile yenye fyuzi, inayouzwa pamoja na tyubu za LED za aina nyingine, itapitisha umeme pembeni ya tyubu, na kitakachobaki kuuzuia ni choki peke yake. Itachemka mpaka fyuzi ikatike au choki yenyewe iungue, juu ya vitanda vya watoto wa watu. Kwa hilo sitaomba radhi. Waliorudia kazi walilipwa chote bila kukatwa hata shilingi.

Lawama ya pili ni sensa za mwendo, zile zinazowasha taa mtu akipita na kuizima akiondoka, kwamba tumemnyima mteja teknolojia. Tulizifunga vyooni na kwenye korido, tukaacha vyumba vya kujisomea. Anayesoma hatikisiki vya kutosha, taa ingemzimikia juu ya daftari. Tena sensa hizi huona tofauti ya joto kati ya mwili na mazingira. Oktoba ya Tabora mnaijua: korido iliyo chini ya bati ikikaribia nyuzi 35, tofauti hiyo hupungua na umbali ulioandikwa kwenye boksi haufikiwi. Ndiyo maana zimekaa karibu karibu, na zimeelekezwa ili mtu akatize mbele yake, kwani anayeijia uso kwa uso huonekana kwa kuchelewa. Muda wa taa kubaki ikiwaka bila kuonekana mtu tuliuweka dakika 5 kwenye korido, dakika 15 vyooni.

Vyumba vya kujisomea vimepata kitu rahisi zaidi: mstari wa taa ulio jirani na madirisha una swichi yake, na wa ndani una yake. Mchana unawashwa wa ndani tu. Gharama ni waya na swichi, na ninaamini kwa majengo yetu njia hii inashinda sensa nyingi za bei rahisi.

Wapo waliotaka kufunga sensa kwenye boksi la swichi. Boksi zetu nyingi zina laivu na waya unaokwenda kwenye taa, nyutro haimo. Sensa ya nyaya mbili hujilisha kwa kupitisha umeme kidogo ndani ya taa, na LED kidogo hicho kinaitosha kubaki na mwanga hafifu usiku kucha. Ikae darini, nyutro ilipo. Na ukisoma "ampea 10" usiishie hapo, tafuta kiwango cha LED. Draiva nyingi, yaani vifaa vya kulisha LED umeme, zikiwaka pamoja huvuta mkondo mkubwa kwa kufumba na kufumbua, miguso ya relei, swichi iliyo ndani ya sensa, ikagandana, taa isizimike tena. Taa zikiwa nyingi, sensa iamrishe kontakta, swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme.

Sasa ada. Wanachama tuko 64. Waliolipa Sh24,000 za mwaka ni 23, jumla Sh552,000. Mkutano uliopitisha utaratibu wa hosteli ulikuwa na watu 14. Hao wengine ndio wanaouliza leo nani aliamua! Kipimo cha mwanga cha chama kinaazimwa na wasiolipa, nao bila hicho hawawezi kumthibitishia mteja kwamba darasa limefikia laksi 300, kipimo cha mwanga unaofika mezani. Inaumiza.

Tyubu za zamani zimehifadhiwa kwenye maboksi bila kuvunjwa, maana zina zebaki. Nchi za Mkataba wa Minamata, unaohusu kudhibiti zebaki, zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kwamba utengenezaji, uingizaji na usafirishaji nje wa tyubu hizo ukome ifikapo mwisho wa 2027. Kazi zitakuja, hapa mjini na hata Nzega na Urambo. Tunatarajia, hali ikiruhusu, kuwa na mafunzo ya sensa na stoo yetu wenyewe.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti