Nisomee hii kabla sijaharibu

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Mrefu anakusalimu; goti bado linamsumbua na bado anaringa kwenda kulionyesha. Nimekuwa kimya, nawe umekuwa kimya, kwa hiyo hatudaiani.

Nimeombwa kuzungumza na wanafunzi wa udaktari wa akili. Wanataka habari za kupona: wodi, dawa, kikundi chetu cha kusaidiana. Mwenyekiti akanivuta pembeni: habari za ushoga ziache, zitawachanganya. Kuwauliza wenzetu wa harakati, nao wakageuza: sema wewe ni shoga, ila sonona usiitaje kabisa, wabaya wetu wataidaka. Sasa niende nusu ipi?

Wanaharakati nawaelewa. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuondoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa 1973, Shirika la Afya Duniani likakawia hadi 1990. Watu wamehangaika kututoa humo, halafu nije mimi na vidonge vyangu vya usiku! Lakini ushoga haukuniumiza. Kujificha ndiko kulikonimaliza. (Au ningeugua tu; babu naye aliugua hivyo hivyo, na wajukuu lukuki.)

Simtoi akilini John Fryer, yule daktari wa akili aliyesimama mbele ya wenzake Dallas mwaka 1972, kavaa kinyago na suti inayompwaya, sauti imepotoshwa na kipaza sauti, akasema yeye ni shoga na ni daktari wa akili. Aliogopa kupoteza kazi. Mimi kinyago sitaki. Suti ya kupwaya ninayo, ile uliyonipa.

Halafu kuna kijana kikundini, hukaa karibu na mlango, funguo mkononi muda wote. Juzi aliniuliza kwa sauti ya chini: daktari wake akijua, ataandika nini kwenye faili? Nikabaki namtazama. Wale wanafunzi ndio watakaoyaandika hayo mafaili, sasa nikiwaficha nusu…

Nimekuwekea hotuba humu. Kata unapotaka, ila ya wodini usiiguse.

Au ni ndefu mno? Wewe ulipomwambia daktari wako, alikunja uso au aliendelea kuandika? Bado unakwenda kwake? Usingizi umerudi? Na yule wa Ijumaa, mmepatana? Unaweza kuja siku hiyo, ukae viti vya nyuma, nikuone?

Wako yule yule