Walinzi wa hospitali nao wafundishwe kutuliza mtu

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Juzi nilimpeleka mjomba hospitali moja hapa Dar, akili imechafuka anapiga kelele, basi walinzi watatu wakamvamia na kamba huku wote wanafoka kwa wakati mmoja, ndo akazidi kuwaka. Nesi mmoja akawaambia rudini nyuma, akasimama hatua mbili hivi kwa pembeni, mlango hakuuziba, mikono wazi, akaongea taratibu "shikamoo mzee, nikuletee maji?" akasubiri ajibu, baadae mzee kakaa mwenyewe. Sasa kwa nini ajue yeye tu? Sheria ya Afya ya Akili tunayo toka 2008, lakini mlinzi wa getini anapewa rungu tu, hata mafunzo ya siku mbili jamani yanashindikana?

Mpwa mtu, Temeke