Pesa za nguzo zilikwenda kwenye pampu ya Mika

Columbus, Ohio
10 Machi 2024

Mama, shikamoo. Mbukwenyi nyote hapo nyumbani.

Foibe, msomee Mama taratibu, na ukifika panapomhusu kaka Yona usiruke hata neno. Akiwepo, vizuri zaidi.

Sisi hatujambo. Poleni na msiba wa Mzee Mwinyi. Watanzania wa hapa tulikusanyika Jumamosi ile, tukafuatilia maziko kwenye simu, akina mama wakapika wali. Nimesikia zabibu za Mpunguzi mmeanza kukata na mvua haikuwaangusha. Nimefurahi sana. Huku theluji imerudi tena.

Nimechelewa kuandika kwa sababu ya maneno ya kwenye grupu. Kaka Yona aliandika, na shemeji zetu wa Kongwa wakisoma: "Marekani bima inalipa kila kitu, huyu anatuficha hela." Niliizima simu nikakaa jikoni mpaka muda wa zamu ukafika. Sikumjibu pale kwa sababu ni mkubwa wangu, na mambo ya nyumbani kwetu hayajibiwi mbele za watu. Namjibu hapa.

Kaka, milioni moja na nusu ya nguzo na waya za shamba la zabibu niliahidi mwenyewe, siikani. Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa nayo kwenye bahasha, nimeandika juu NGUZO. Mama Mika ni shahidi.

Mwaka mpya ulipoingia, dawa ya pumu ya mwanangu Mika, ya kila siku, ile flutikasoni ya kuvuta, kampuni inayoitengeneza ililiondoa sokoni jina lake la biashara. Dawa ikabaki ile ile, pampu ile ile, ila haina jina. Na bima yangu, kwenye orodha yao ya dawa, walikuwa wanalitambua lile jina tu. Tena huku kila Januari bima inaanza upya. Kuna kiasi lazima ukimalize mwenyewe mfukoni ndipo wao waanze kuchangia, na ulichokimaliza mwaka jana hakihesabiwi. Hiyo ndiyo bima ya Marekani, kaka. Inakatwa kwenye mshahara wangu kila wiki mbili, na bado naingia famasi naambiwa dola 220. Zipigie hesabu: zaidi ya laki tano na nusu kwa pampu moja, ya siku thelathini. Mnaikumbuka kadi ya Neema ya bima ya watoto, Toto Afya, 50,400 kwa mwaka mzima? Nilimsimulia mfamasia, akaniomba nirudie.

Wakasema wanalipia nyingine, ya unga. Mtoto aijaribu hiyo kwanza, akishindwa ndipo waifikirie ya zamani. Mama, ile ya unga haibonyezwi. Mtoto anatakiwa aivute mwenyewe, kwa nguvu, kwa pumzi moja ndefu, mdomo ameubana. Mika ana miaka minne. Ukimwambia vuta, anapuliza. Hii ya kubonyeza tunaichomeka kwenye kichupa cha plastiki chenye barakoa, anapumua kama kawaida mara kadhaa, dawa imeingia. Halafu hilo neno lao, "akishindwa". Mtoto mwenye pumu akishindwa, kilichomshinda ni pumzi. Nililisoma kwenye barua yao nikiwa bado nimesimama mlangoni na viatu vya kazini, na mpaka leo linanichoma.

Pampu yenyewe ni ya rangi ya chungwa, na mgongoni ina kidirisha chenye namba. Kila ukibonyeza, namba inashuka moja. Siku famasi waliponirudisha mikono mitupu, kidirisha kilisoma 036. Mika anatumia nne kwa siku, mbili asubuhi na mbili usiku. Siku tisa, basi. Siku hizo nilizimalizia kwenye simu. Bima wanasema daktari hajatuma maombi ya kibali, kwa daktari wanasema wametuma faksi mara mbili, nikiwarudia bima napokelewa na mtu mwingine ananiuliza upya tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Nilikuwa nikitoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, silali, nasubiri ofisi zifunguliwe.

Mama, hapo katikati nilifanya jambo ambalo sikukwambia. Kidirisha kilipofika 016 niliipunguza dawa ili ifike mbali, nikawa nampa mbili kwa siku badala ya nne. Siku ya kumi na tatu, usiku, tukampeleka hospitali. Alilala usiku mmoja, akarudi anaomba chapati. Yamepita.

Ila nilivyomkuta usiku ule kabla hatujatoka sijasahau. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono kwenye magoti, mabega yanapanda na kushuka, hataki kabisa kulala. Ni Baba yule, Mama. Hivyo hivyo alivyokuwa akikaa Julai, upepo wa vumbi ukishaanza, na mimi natumwa kukimbilia vidonge vya aminofilini. Unamkumbuka yule muuguzi aliyetoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, akachomeka pampu, akamwambia Baba avutie kwenye mdomo wa chupa? Nilimsimulia daktari wa Mika. Akasema muuguzi yule alijua kazi yake. Nilijisikia vizuri, nikatamani Baba angesikia.

Asubuhi yake niliifungua bahasha. Nikanunua pampu kwa fedha taslimu, na mwezi uliofuata nikanunua nyingine. Hela iliyobaki ilikwenda kwenye bili ya hospitali, ambayo bado naimalizia. Hiyo ndiyo hesabu ya nguzo, kaka Yona. Haikunywewa wala haikufichwa.

Sasa sikieni na hili, maana nalo ni langu. Nesi wa kwa daktari alinieleza kwamba mtu akikataliwa ana siku 180 za kukata rufaa, lakini mgonjwa akiwa hatarini unaomba rufaa ya haraka, na bima wanalazimika kujibu ndani ya saa 72. Wakikataa tena, unadai mtu wa nje, asiye wao, aipitie. Hakuna aliyewahi kuniambia hayo kwenye simu zote zile. Nikakaa nikaandika kurasa mbili za Kiingereza mwenyewe, bila wakili: umri wa Mika, dozi, tarehe aliyolazwa, kwa nini mtoto wa miaka minne hawezi dawa ya unga. Daktari akaweka barua yake juu. Tulituma Jumatano. Ijumaa saa nne asubuhi simu ikalia: wamekubali, mwaka mzima. Nesi ameomba nakala ya barua yangu awape wazazi wengine. Mama, mwanao wa Mpunguzi, Wamarekani wanaazima barua yake.

Uliniuliza kama pampu haitamzoeza mtoto. Haimzoezi, Mama. Ile ya bluu ndiyo ya kumwokoa akibanwa. Hii ya chungwa ni ya kuzuia, inatuliza uvimbe kwenye mirija ya hewa kidogo kidogo, na faida yake ipo tu akiitumia kila siku, hata siku anazokimbia na kucheka. Ndiyo maana sikuweza kusema subiri, tufunge nguzo kwanza. Asali uliyompa Mama Neema alete imefika, anaipenda kwenye uji.

Kaka, sikuombi uniombe radhi kwenye grupu. Naomba uende Kongwa kwa mdomo wako uwaambie shemeji kwamba hela ilikwenda kwa mtoto. Jina la Baba analibeba yule mtoto, na kifua cha Baba vile vile.

Nimetuma laki nne kwenye simu ya Foibe. Laki moja ni ya Mama, asiguse mtu. Laki tatu ni za waya. Nguzo nitazimaliza kabla ya mavuno ya Agosti, nimeshaomba zamu za Jumapili. Foibe, akipatikana mtu anayekuja huku, nifungie mlenda mkavu, na ubuyu. Juzi nilipika wa dukani, nikala vijiko viwili nikaacha. Usiku mwingine nikitoka kazini, upepo ukinipiga usoni, nasubiri harufu ya vumbi la kwetu baada ya mvua ya kwanza. Haiji.

Mika amejifunza kusoma namba kwenye kidirisha. Asubuhi hii amenisomea 112, kwa Kiswahili, yote, "mia moja na kumi na mbili". Anauliza bibi naye yake imefika ngapi. Mjibuni, atasubiri.

Mwanao,
Baba Mika