Mama wa Longreach, asante sana
Mama uliyekaa pembeni ya kaunta jioni yangu ya kwanza kazini, kule Longreach, Queensland, Australia, jina lako sikulipata, ila shukrani hizi zikufikie popote ulipo. Nilikuwa na begi la mgongoni, viza ya kazi na matembezi kwenye paspoti yangu ya Uingereza, na cheti cha kuuza pombe, basi. Baa imejaa wachunga ng'ombe, kila mtu anaagiza kwa haraka. Ukanipangia glasi mbili za bia: ndogo ya mililita 285 ndiyo pot, kubwa ya 425 ni schooner. Kisha ukawageukia wenzako: subirini, binti anajifunza. Na wakasubiri kweli! Ugenini, utu wa namna hiyo hausahauliki. Mungu akuzidishie, mama.