Staringi wa habari za vita ni nani?

Mhariri,

Naendesha kibanda umiza hapa Mikindani, huu mwaka wa kumi na tisa. Jumamosi na Jumapili mpira wa Ulaya, siku nyingine mapicha ya kivita yaliyotafsiriwa na madijei, kiingilio mia tano. Wateja wangu wanaijua sheria ya picha: staringi hafi. Wale mia mbili wanaoanguka mbele yake ni maadui tu, hawana majina, na mama zao hatuwaoni.

Sheria hiyo niliikumbuka niliposoma habari yenu ya visiwa vya Chagos, huko Bahari ya Hindi. Aya sita. Uingereza imo, Marekani imo, Mauritius imo, kambi ya kijeshi ya Diego Garcia imo, hata aina ya ndege mmeitaja. Watu waliozaliwa pale hawamo. Msomaji wa Newala atadhani ni visiwa vya kasa na minazi.

Mimi niliwajua watu hao kwa John Pilger, mwandishi wa Australia aliyefariki London tarehe 30 Desemba 2023. Mpwa wangu anayesoma Dar aliniletea filamu yake kwenye flashi, ile ya 2004 kuhusu Chagos. Haijatafsiriwa, kwa hiyo tuliiangalia wawili, kijana anafafanua, mimi nasimamisha kila dakika mbili. Inaeleza jinsi Uingereza ilivyowaondoa wakazi wote kati ya 1968 na 1973 ili Marekani ipate kambi. Walianza na mbwa. Mbwa wa watu, karibu elfu moja, walikusanywa wakauawa kwa moshi wa magari. Wenye mbwa wakaelewa. Wakapakiwa melini, wakashushwa Mauritius na Ushelisheli, basi. Mwaka 2000 mahakama ya London ilisema kuwaondoa vile kulikuwa kinyume cha sheria. 2004 ikatoka amri kwa jina la Malkia, bila kupita bungeni, kuwazuia wasirudi.

Wazee wa Chagos wana neno lao la Krioli, "sagren". Ni huzuni, lakini ile inayoua: fulani alikufa kwa sagren. Tangu siku ile neno hilo halijanitoka.

Na si watu wa mbali wale. Wengi asili yao ni watumwa waliotolewa Msumbiji na Madagaska. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa, Kilwa hii yetu ya mkoa wa Lindi, apewe watumwa elfu moja kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa huko huko Bahari ya Hindi. Mngemtuma mtu Kilwa badala ya kunakili taarifa ya shirika la habari, mngerudi na ukurasa mzima.

Pilger kazi yake ilikuwa kumbadilisha staringi. Filamu yake ya kwanza, 1970, ilikuwa ya Vietnam, na hakuanza na majenerali. Aliwakalia askari vijana wa Kimarekani waliochoka, walioanza kukataa amri, mpaka balozi wa Marekani mjini London akalalamika. Mwaka 1979 alionyesha watoto wenye njaa wa Kambodia, watazamaji wakachanga mamilioni. Mwaka 1993 aliingia Timor Mashariki kwa siri na mwenzake David Munro, wakatoka na ushahidi wa mauaji ambayo dunia ilikuwa imeyapa mgongo. Nyingi ya filamu hizo zilionyeshwa ITV. Ya Uingereza, siyo hii yetu.

Malaika hakuwa. Mwaka 1982 aliandika habari ya mtoto aliyenunuliwa Thailand, ikaja kubainika kwamba alitapeliwa. Na aliyoyaandika miaka ya mwisho kuhusu Syria na Urusi, hapo mimi simfuati. Aliyezoea kuwasikia walioumizwa na Marekani, walioumizwa na wengine aliwasikia kwa tabu. Lakini kwenye Chagos alikaa, akasikiliza.

Sasa naja kwenu. Habari zenu za vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, nazikata na kuzitunza, maana upande wa mke wangu ni Wamakonde wa Palma. Nina bahasha nzima. Ndani yake kuna idadi ya waliouawa, kuna makamanda, kuna mradi wa gesi. Shemeji yangu hamna. Yeye alivuka Ruvuma baada ya shambulio la Palma la Machi 2021. Jioni moja naonyesha picha la makomando, akainuka, akaenda kukaa kwenye benchi la muuza pweza mpaka likaisha. Nikamfuata, nikamuuliza, "Shemeji, sauti nimeweka kubwa?"

"Hapana," akasema. "Ndogo mno."

Nimemwomba ruhusa, amekubali kuongea, jina lake lisitajwe. Anajua Kimakonde, Kireno na Kiswahili. Mwandishi wenu akija Mtwara asiishie kwenye hoteli za Shangani. Apande bajaji mpaka Mikindani aulize kibanda cha video, ataonyeshwa. Kalamu tunazo na chai ipo. Ila asije siku ya mechi, hatasikia kitu.

Mwenye kibanda cha video,
Mikindani, Mtwara