Mwanangu, kuhusu maneno ya mjomba wako

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Kumbe mjomba kakuzuia kwenda mazoezini, eti mpira si mchezo wa mtoto wa kike. Nilicheka peke yangu kwenye basi, maana maneno hayohayo yalishasemwa huku Uingereza, tena na wakubwa waliovaa suti.

Ilikuwa tarehe 5 Desemba 1921. Chama cha soka cha hapa, FA, kilitamka kwamba mpira wa miguu hauwafai wanawake na usiendekezwe, klabu zake zikakatazwa kuwapa viwanja. Na wakati huo wanawake walikuwa wanajaza watu! Vita vya kwanza vya dunia viliwaingiza viwandani, huko wakaunda timu, wakacheza mechi za kuchangia hospitali na majeruhi. Timu ya kiwanda cha Dick, Kerr kutoka Preston ilicheza Goodison Park, Liverpool, siku ya pili ya Krismasi 1920, mbele ya watu 53,000, na maelfu wengine wakakosa pa kuingilia. Mwaka haukuisha, marufuku ikatoka. Wakasingizia afya, wakasingizia pesa za michango. Mimi naona ni ule umati uliowatia kiwewe.

Kwenye timu ile alikuwamo Lily Parr, winga wa kushoto mwenye shuti la kutisha. Marufuku haikumtoa mchezoni. Alicheza mpaka 1951, kwenye viwanja vya kuokoteza, huku akifanya kazi ya uuguzi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Zamu zangu unazijua zinavyonichosha, kwa hiyo elewa ninapokwambia kwamba mama yule namvulia kofia.

Fainali ya kwanza ya kombe la FA la wanawake ilikuja kuchezwa Mei 1971. Southampton waliifunga timu ya Scotland 4-1. (Usiniulize timu ya Scotland ilifuata nini huku.)

Sasa sikiliza hii. Fainali ya msimu wa 2020/21 ilicheleweshwa na Korona, ikaangukia uwanja wa Wembley tarehe 5 Desemba 2021, miaka 100 kamili tangu siku ile. Chelsea na Arsenal. Nilikwenda na wenzangu wa kazini, baridi ya kukata masikio, wasichana wa rika lako wamevalia jezi juu ya makoti mpaka wanaonekana wanene. Hatujakaa sawasawa, dakika ya tatu, Fran Kirby kashafunga. Sam Kerr, yule Mwaustralia, akaongeza la pili. Lakini la tatu ndilo ninalotaka ulione. Kerr kawaacha mabeki, kipa Zinsberger kamtokea kuziba goli, nasi tunangoja shuti. Hakupiga shuti. Aliubetua tu, mpira ukapaa juu ya kipa, ukashuka polepole hadi wavuni, na kipa amegeuka anautazama. Chelsea 3, Arsenal 0. Tulikuwa watu 40,942. Fainali ya Mei 2023, Chelsea walipoifunga Manchester United 1-0 palepale Wembley, waliingia 77,390.

Mjomba usibishane naye. Ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja, nitampigia mwenyewe Jumamosi, na nitaanza na shikamoo ili asipate pa kunishikia. Wewe Jumatatu nenda mazoezini, ila ukirudi usijilaze na jasho lako kwenye makochi ya watu. Msaidie mkaza mjomba jikoni, umalize hesabu zako. Matokeo yakishuka, hapo sitakuwa na la kumwambia.

Daluga nimekununulia, namba 38. Zitakuja na mtu anayesafiri mwisho wa mwezi. Usizivae kwenye lami.

Na hukuniambia kocha anakuchezesha namba ngapi. Ukisema kipa, ujue na wewe siku moja watakubetulia.

Mama yako